Chai ya Lori la Kwanza

Dereva aliyepaki mbele ya mgahawa wangu na hajashuka, nampa dakika tano. Zikiisha naanza kumtazama. Zikifika kumi namtazama mpaka ajue kuwa anatazamwa, maana mtu anayesimamisha lori mlangoni kwa mwenzake, akazima injini, akaegemeza kiwiko dirishani na kuchezea simu, huyo ana lake jambo. Ama ameshakula kwa jirani na kwangu amekuja kulala, ama anamsubiri mtu, ama kuna kitu anakipima. Mimi si mtoto wa jana. Nayasema haya mapema ili mnijue nilivyo, msije mkashangaa huko mbele.

Mgahawa uko Mikumi, kando ya barabara kuu, kule magari yanakotokea baada ya kumaliza mbuga. Dereva akitoka mbugani amechoka na matuta, amechoka kubanwa mwendo, amechoka kuogopa kumgonga swala akalipishwa. Kitu cha kwanza anachotaka ni kushuka, kugonga matairi asikie kama yana upepo, kujinyoosha na kula. Kwa njaa hiyo ndiyo mji mzima unaishi, na mimi na mdogo wangu tuliishi kwa hiyo hiyo.

Sisi ni watu wa Kilosa, Magomeni. Baba yetu alikuja kutoka mbali kukata mkonge, akabakia hapo hapo mpaka alipozikwa. Tulizaliwa watano, tukabaki wawili wa kike, mimi mkubwa na yeye kitinda mimba. Mume wangu alipofariki na yeye alipoachika, yote ndani ya mwaka mmoja, tukaambiana tusikae kila mmoja na kilio chake. Tukafungua mgahawa Mikumi. Yeye jikoni, mimi kaunta. Niseme ukweli, chakula chenyewe mtu angeweza kukipata popote. Mgahawa ule ulikuwa ndio unaotuweka chini ya paa moja, na nilijua kabisa kwamba siku ukifungwa kila mmoja atashika njia yake na mimi nitazeeka peke yangu.

Sasa sikilizeni habari ya uwanja. Kutoka lami mpaka kibarazani kwetu kulikuwa na hatua kama ishirini za udongo. Pakipangwa kwa akili, semi tatu, yale malori marefu ya trela, zinaenea na basi linapata pa kuingilia na pa kutokea. Lakini nani apange kwa akili? Wa kwanza anapaki kiubavu, wa pili anamfuata vile vile, wa tatu anaacha mkia wake barabarani, na foleni inaanza hapo. Fuso za nyuma zinapiga honi. Basi la abiria linataka kuingia linakuta ukuta wa matairi, linaenda kusimama mbele kwa wenzetu, na abiria wote wenye njaa wanapita wakinitazama kutoka madirishani. Hasira yake siwezi kuieleza. Unakuwa na wali umeiva, supu inachemka, na mteja unamwona kwa macho akichukuliwa.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Nafasi ile ni mali. Aliyelala pale bila kula, amekula nafasi ya mtu ambaye angekula. Kwa hiyo kila lori lililosimama bure mbele yangu niliona linaniibia, tena mchana kweupe, tena kwa kunisalimia: "Shikamoo mama, tunapumzika kidogo tu." Marahaba, lakini pumzika kwenu!

Asubuhi moja nikaona kikombe. Nilikuwa nafagia kibaraza, jua ndio linachomoza, na lori limesimama mbele kabisa, limeelekeza pua barabarani. Juu ya dashibodi kulikuwa na kikombe cha bluu cha plastiki. Cha kwetu kile, nilikinunua mwenyewe Morogoro, dazeni mbili, na nilikuwa navijua mpaka vilivyopasuka. Dereva hakuwa ameingia ndani. Nilikuwa nimefungua mlango mimi, kaunta nimekaa mimi, pesa ya chai sikuipokea. Sasa kikombe kilipandaje?

Sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na nalijua, lakini mtu mwenye shaka hapendi kuuliza. Anaona akiuliza atadanganywa, bora achunguze. Basi nikaanza kuchunguza. Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida, nikaingia stoo, pale kwenye magunia ya mchele ambapo kuna kidirisha kinachoangalia mbele, nikatulia. Lori likaja, likasimama. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mdogo wangu akatoka na chupa ya chai mkononi na kitu amekifunika kwa kitambaa. Akaenda mpaka kwenye lori, akamnyooshea dereva chai, akamnyooshea chapati mbili, wakaongea maneno machache, akacheka. Pesa haikutoka mfukoni kwa mtu. Akarudi jikoni anaimba.

Jamani! Nilikaa juu ya lile gunia. Nikasema, kumbe. Kumbe mwenzangu ameshapata bwana, tena bwana wa barabarani, na anamlisha kwa mgahawa wa wawili. Nikajiambia sitaharakisha, nitamjua kwanza huyo bwana ni nani. Siku ya pili nikarudi stoo. Chai ile ile, chapati zile zile, lakini dereva mwingine. Siku ya tatu mwingine tena, mzee mwenye kofia, lori la namba za Zambia. Siku ya nne kijana wa fuso ya vitunguu. Mungu anisamehe, badala ya hesabu ile kunizindua ikanizidishia shaka. Nikawa najiuliza, huyu mtoto wa mama yangu ana wangapi?

Kuanzia hapo kila kitu chake kilinipa maana. Akivaa kanga mpya, kapewa na nani? Akicheka na simu, anaongea na yupi? Akisema unga umeisha mapema, hee, usiishe mapema kwa nini! Nikawa naingia jikoni ghafla kama nimesahau kitu. Nikawa nahesabu chapati kwa macho huku namwuliza habari za mguu wake unaouma. Na yeye maskini ananijibu vizuri, ananiwekea chakula changu pembeni, kipande cha nyama kisicho na mfupa.

Nilichoamua ni kukata mzizi wa fitina. Malori yasiposimama, mabwana hawatasimama. Tena nitakuwa nimeuokoa uwanja, mabasi na magari madogo ya watu wanaokwenda kutazama wanyama yatapata pa kuingia. Nikaona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja, nikajipongeza. Nikanunua matairi chakavu, nikayafukia nusu, nikayapaka chokaa, nikapitisha mnyororo. Nikaandikisha kibao: MAEGESHO YA WATEJA TU. AGIZA KWANZA. Maana yake, ukitaka kupaki, sema kutoka hapo juu utakula nini, ndipo mnyororo ushushwe.

Mdogo wangu alikiona kibao kikiwa bado kibichi. Akasimama, mikono imejaa unga.

"Dada, pale mbele usipafunge."

"Kwa nini?"

"We usipafunge tu, dada. Nakuomba."

"Nimekuuliza kwa nini."

Akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Na mimi nikasema moyoni, haya, si unaona? Angekuwa na neno la maana angelisema.

Siku ya kwanza ya mnyororo nilisimama mimi mwenyewe kama askari wa geti. Semi ikaja, dereva akachungulia kutoka juu.

"Mama, shusha hicho nipaki."

"Unakula nini?"

"Sijajua."

"Ukijua ndio nishushe."

"Mama yangu, mimi njaa naijua nikishuka. Hapa juu naijua barabara tu."

Nikaona ananifanyia masihara. Akawasha indiketa akaondoka. Mwingine alisema wali, akapaki, akaonja vijiko viwili akalala usingizi. Mwingine alisoma kibao kwa sauti, neno kwa neno, akamwangalia utingo wake, akasema, "Hapa tunashukiwa," wakaenda zao. Lakini uwanja ulikuwa safi, wallahi! Ulifagika. Gari dogo moja au mawili yaliingia, watu wakashuka na miwani yao, wakanywa soda. Nikasema kazi imeanza.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja nikamkuta mdogo wangu upande wa pili wa barabara, na chupa ya chai, amesimama kwenye dirisha la lori anamwonyesha dereva kwa mkono kule kwetu. Nikavuka sijui hata kama gari lilikuwa linakuja. Ndani ya mgahawa kulikuwa na wateja wanne na fundi wa friji, na wote walisikia, maana sauti yangu mnaijua sasa. Nilimwambia kama anataka wanaume akatafute wanaume kwa unga wake. Nilimwambia sikuja Mikumi kufungua mgahawa ili yeye aufanye sebule ya madereva. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki.

Dereva ndiye aliyetaka kusema, akafungua mlango, mdogo wangu akamfanyia ishara anyamaze. Akavuka barabara, akaingia jikoni, akaosha sufuria zote zilizokuwa chini, akazifuta, akazipanga. Akafunga nguo zake kwenye begi. Mchana huo akapanda gari la Kilosa. Mimi nilikuwa kaunta, nikajifanya natafuta chenji.

Na uwanja wangu ukabaki mweupe.

Nilimtafuta mpishi, nikapata. Chakula kilikuwa si kibaya. Lakini watu hawakuingia. Malori yanapita, mabasi yanapita, mpaka yale magari madogo niliyoyapigia hesabu, yanapunguza mwendo, watu wanachungulia, wanaongeza mwendo. Kwa wenzetu kule mbele yamejaa mpaka yanafunga barabara, watu wanagombana, trafiki anapiga filimbi, na bado wanaingia! Nani aache mahali peupe akagombanie mahali palipojaa? Nikasema hapana, hii si bure. Nikamshuku jirani ameongea na madereva. Nikamshuku mpishi mpya katumwa. Nikaamka siku moja nikafukua mlangoni kwangu kwa jembe nitafute kilichozikwa, nikakuta kizibo cha soda.

Halafu akaja mtu wa halmashauri na kitabu chake. Akapima kwa hatua, akaniambia kwa heshima zote, "Mama, kutoka hapa mpaka pale ni hifadhi ya barabara. Hapa si pako pa kufunga." Nikamwuliza nani kamwambia kuna mnyororo. Akasema mnyororo unaonekana, mama. Sikumwamini. Nilijua nani kamwambia. Nilimwona mdogo wangu Kilosa mjini, kwenye ofisi za wilaya, amekaa kwenye benchi na kanga yake mpya ananisemea. Nilimwona vizuri kabisa, na wala hakuwepo.

Aliyenifumbua macho ni dereva mmoja wa Iringa, mtu mzima, mteja wetu tangu tulipofungua. Alipaki mbali, akaja kwa miguu, akaagiza ugali na samaki. Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Akala nusu, akasema:

"Mama, nikueleze kitu na usinikasirikie?"

"Eleza."

"Sisi tukitoka mbugani hatusomi vibao. Tunaangalia magari. Palipo na lori moja, nasema huyu anapajua. Pakiwa na mawili nakata kona bila kufikiri. Pakiwa peupe hivi, nasema chakula kimelala, au kuna mtu kaumwa tumbo hapa. Nani ataka kuwa wa kwanza?"

"Mbona wewe umeingia?"

"Mimi nakujua." Akatafuna. "Mdogo wako alilijua hilo. Si ndiyo maana alikuwa anatuletea chai? Wa kwanza kufika alfajiri anapata chai na chapati mbili za bure, sharti apaki pale mbele, pua barabarani, na asiondoke mpaka wapatikane wawili nyuma yake. Tulikuwa tunaamka mapema tuiwahi. Mtu analala njiani huko anasema kesho nikawahi chai ya Mikumi."

Nilimwuliza nani mwingine anajua. Akasema madereva wote. Nikamwuliza kwa nini mdogo wangu hakuniambia mimi. Akanitazama kidogo, akaona aibu kwa niaba yangu.

"Alisema dada yake hawezi kutoa chapati ya bure hata kwa malaika."

Ni kweli. Ningekataa. Angekuja kwangu na wazo lile ningemwambia biashara haiendeshwi kwa sadaka, na yeye ni mdogo wangu, asingebishana nami. Kwa hiyo alifanya kimya kimya, kila alfajiri, chapati mbili na kikombe kimoja, na mgahawa ukajaa, na mimi nikakaa kaunta nikidhani wateja wanakuja kwa akili zangu. Hata uwanja ule uliokuwa ukinichoma roho, ile foleni, ile mikia barabarani, ndiyo iliyokuwa ikiwaita watu. Mnyororo mmoja niliununua kwa pesa ambayo ingewanywesha madereva chai miezi mingapi, sitaki kujua.

Niliung'oa siku ile ile. Kesho yake alfajiri nikachemsha chai, nikachukua chapati mbili, nikaenda mwenyewe kwenye lori la kwanza lililopunguza mwendo. Nikamnyooshea. Dereva akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Ya nini hii, mama?"

"Ya bure. Paki pale."

"Ya bure kwa nini? Ina nini?"

"Chai, jamani! Ina majani na sukari!"

"Kunywa wewe kwanza."

Nikanywa, pale barabarani, mtu mzima mimi. Akasema anashukuru, akaondoka. Nilijaribu siku nne. Sura yangu haikufaa kwa kazi ile. Nadhani walikuwa wanaiona hesabu usoni.

Basi nikafunga mlango siku ya Jumamosi nikaenda Kilosa. Nikamkuta Magomeni kwenye nyumba ya mama, ameweka meza nje anauza maandazi na uji, na bodaboda sita zimepaki pale mbele zimebana njia hata mwenye baiskeli ashuke. Akaniona, akafuta mikono, akaja akapiga goti kidogo kama tulivyolelewa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akaniletea kiti, akaniletea uji, akaniuliza presha yangu inaendeleaje. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanitoka. Nikamwambia dereva wa Iringa ameniambia. Nikamwambia mnyororo nimeung'oa. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, rudi nyumbani. Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya bodaboda.

Halafu akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei:

"Dada, siku zile ulidhani nakuibia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ilikuwa hasira tu. Lakini nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na nikaona nikimdanganya hapo nitakuwa nimekuja bure.

"Ndiyo."

"Siku ile tu uliyoniona ng'ambo?"

"Kila siku. Nilikuwa nakaa stoo nakuchungulia. Na wanaume nilidhani. Na yule wa halmashauri alipokuja, nilidhani wewe ndiye umemtuma."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kukataa. Machozi yalimjaa lakini hayakudondoka. Akasema, "Nilikuwa nasikia magunia yakisogea. Nikawa nasema ni panya." Akainuka akamhudumia mteja, akarudi akakaa, akaanza kunieleza habari za msiba wa jirani. Nilisubiri anijibu hadi jua likapinda. Jioni akanisindikiza stendi, akanibebea mkoba mpaka ndani ya gari, akaniambia nifike salama, nisisahau dawa.

Mgahawa ninao bado. Nimekodi upande mmoja kwa fundi wa pancha, na magari yake mabovu yanasimama pale mbele, watu wawili watatu wanaingia kwa kuyaona hayo. Mdogo wangu hupiga simu kila Ijumaa. Ananiamkia, ananiuliza presha, ananiuliza kama mvua imenyesha huku, ananipa salamu za watu wa Magomeni. Tunaongea vizuri, hata tunacheka. Habari za mgahawa hajaniuliza hata siku moja.